Mpini wa Slipa za Buluu

Juzi nilikwenda soko la Gikomba kutafuta blanketi, nikarudi na fimbo ya kuvulia samaki. Usinicheke. Ilikuwa imelala katika lundo la miavuli na magongo, na nilipoiona mkono ulitangulia kabla ya akili. Niliikunja kidogo kuona kama inarudi sawa, kisha nikashika ncha ya kitambaa changu cha kichwa nikaipitisha ndani ya kila pete ya mshipi. Pete yenye ufa hushika nyuzi, na pete inayoshika nyuzi itakata mshipi siku samaki mkubwa akija.

Msichana aliyekuwa akiuza aliniangalia, bibi mzee na fimbo yake, akacheka. "Shosho, hiyo unaenda kuchapa nayo nani?"

"Samaki," nikamjibu.

"Samaki Gikomba! Shosh, hapa hata maji ya kunywa tunanunua. Si uchukue hii nyekundu basi, hiyo yako mpini umeoza."

Ile nyekundu niliikunja pia, ikabaki imepinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Nikachukua yangu yenye mpini uliooza.

Baba ndiye aliyenifundisha. "Rangi haivui samaki," alikuwa akisema. Yeye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, mtu wa magharibi aliyezaliwa kando ya ziwa, na tulikaa chumba kimoja hapa Nairobi, mtaa wa Shauri Moyo. Fimbo yake aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama, pamoja na rili yake, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Kila Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi alitembea hadi bwawani, na akirudi, kazi yangu ilikuwa kuipangusa fimbo kwa kitambaa kibichi, halafu kikavu, kuanzia ncha hadi mpini. Mama akikaanga samaki, kwaya ikifanya mazoezi kanisani, nyundo za mafundi zikigonga mabati kule sokoni, mimi napangusa. Nikikumbuka jioni zile namshukuru Mungu hata kabla sijajua ninashukuru nini.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, Baba alimleta Nyanya, mama yake, kutoka nyumbani ili apasuliwe macho. Mimi nilipewa jina la Nyanya, kwa hiyo Baba alituita sote wawili Mama, na Nyanya aliniita wajina. Tatizo ni kwamba hakuwa anakula. Mboga za sukuma wiki alizigusa tu. Mama alipomletea samaki mkavu wa sokoni, alimpapasa kwa vidole, maana macho yalikuwa na ukungu, akamrudisha kwenye sahani. "Samaki huyu amechoka kuliko mimi," akasema.

Daktari alikuwa amesema asipopata nguvu hatampasua Jumatatu. Baba akamwahidi Nyanya samaki mbichi Jumamosi.

Siku ya Alhamisi, Baba akiwa kazini, niliizungusha rili nikasikia inalia kwii, kwii. Nikataka kusaidia. Nyumbani kwetu kitu kikilia kilipakwa mafuta ya kupikia, yale meupe ya kopo. Mama alikuwa amezipaka bawaba za mlango na mlango ukanyamaza. Mafuta hayo tulipaka miguuni, tukapaka nywele, tukapikia chapati. Kwa nini rili isipate? Nikaifungua, nikaijaza kwa kidole, na kwa kuwa mikono ilikuwa imelowa mafuta, nikamalizia kwa kuupaka mpini wa koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa. Ulimeremeta! Niliirudisha fimbo nyuma ya mlango nikijisifu moyoni.

Kwa watoto wa leo wasioijua baridi ya Julai katika nyumba za mawe na sakafu ya saruji: mafuta yaliganda. Ijumaa asubuhi Baba aliposhika rili haikuzunguka. Na mpini wa koki ulikuwa umetafunwa, pete moja ilining'inia kwa uzi, mshipi umekatwakatwa. Panya walikuwa wamefanya karamu.

"Panya hawa!" Mama akasema. Baba alimtazama Nyanya, ambaye alikuwa ameketi kitandani akisubiri Jumamosi yake.

Mimi nilinyamaza. Niliambia nafsi yangu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Jioni Baba aliniambia nibebe rili, tukaenda kwa jirani, fundi wa vinyago kutoka Ukambani aliyechonga twiga na vifaru barazani pake. Fundi huyo hakula samaki kabisa. "Tena umeniletea fimbo ya wale nyoka wenu wa majini," alimchokoza Baba.

"Ukionja mmoja utahamia ziwani."

"Nihamie nikalale na viboko? Lete hapa. Mti ni mti."

Aliugeuza mpini mara mbili, kisha akaunusa. Akafungua rili, akaingiza kijiti, kikatoka na mafuta meupe. Akanitazama mimi, wala si Baba.

"Jirani," akasema polepole, "panya hawa hawakuvamia. Walialikwa."

"Na nani?" Baba akauliza.

Fundi akaanza kutafuta patasi yake, ambayo ilikuwa mkononi mwake. Nami nilijua kwamba mzee yule amenifungulia mlango, na kwamba hatanisukuma. Nikasema. Nililia kwanza, halafu nikasema yote, bawaba, chapati na kidole.

Baba aliichukua rili akaigeuzageuza mkononi hadi nikatamani anichape. "Mama," akaniambia, "ulitaka inyamaze?"

"Ndiyo, Baba."

"Imenyamaza kweli kweli."

Fundi alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha kazi ikaanza. Alinionyesha kuloweka vyuma vya rili ndani ya mafuta ya taa, kuvisugua kwa unyoya wa kuku, kuvikausha, na kutia tone moja moja la mafuta ya cherehani. "Tone, si kijiko," akasema. Pete aliifunga kwa uzi wa kushonea, akiuzungusha bila kupandisha mmoja juu ya mwingine, kisha akaupaka vanishi. Mshipi Baba alikuwa na mwingine. Ukabaki mpini.

"Koki sina. Mbao itakuwa nzito. Ningepata mpira mwepesi..." Akatazama chini, miguuni pangu.

Zilikuwa slipa za buluu, za pekee nilizokuwa nazo, za Krismasi. Hakuna aliyeniambia nizivue. Nilizivua mwenyewe, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alizikata vipande vya mviringo, akavitoboa, akavipachika kimoja baada ya kingine kwa gundi, akavilainisha kwa msasa. Nilirudi nyumbani pekupeku kwenye baridi, na sikumbuki kama miguu iliniuma.

Jumamosi Baba alirudi na ngege wawili. Nyanya alimpapasa mmoja, akatabasamu. "Huyu alikuwa anaogelea leo," akasema. Alikula mpaka kichwa. Jumatatu alipasuliwa, na bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini wajina wake hana viatu.

Bwawa lile sasa limejaa magugu na taka, huwezi kuyaona maji. Baba amelala, na Nyanya, na fundi ambaye hakuwahi kuonja samaki hata siku moja. Baraza lake ni kibanda cha simu. Simlalamikii Mungu. Alinipa vile vitu kwanza, ndipo akavichukua, na aliniachia namna ya kuvishika.

Leo asubuhi nimeiloweka rili iliyokuja na fimbo yangu ya Gikomba ndani ya mafuta ya taa. Kopo la mafuta ya kupikia liko jikoni, nimelifunika. Mjukuu wangu ameniuliza nitavua wapi, nikamwambia sijui, lakini fimbo haiwezi kukaa bila mpini. Kisha nikatazama slipa zangu za bafuni pale mlangoni, nikamwambia aniletee kisu.