Kipande cha Mpira Chini ya Kamyo

Mafuta ya freni yana harufu tamu kidogo, utamu wa kuchosha, kama dawa ya kikohozi iliyomwagika kwenye vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mikono ya Papa. Akinishika shavu asubuhi nilijua ametoka chini ya kamyo hata kabla sijafungua macho. Wengi hapa Uvira watakuambia utoto wao unanuka ndagala zilizoanikwa mchangani, na ndagala nilizila kama wote, lakini harufu inayonisimamisha mpaka leo ni ile ya freni. Nikiisikia barabarani Kimanga nasimama katikati ya njia na bidoni, dumu la mawese, kichwani, kama mjinga, na wenye pikipiki wananitukana. Watukane. Hawajui ninachosikia.

Papa alikuwa dereva wa kamyo ya mfanyabiashara mmoja ambaye sisi wote tulimwita Patro. Alipakia mchele Luberizi, akaupandisha Bukavu, akarudi na saruji. Siku za kupumzika kamyo ililala uwanjani kwetu, nami nilikuwa nalala chini yake juu ya gunia, mchana kutwa, nikiangalia tumbo lake. Nilikuwa darasa la tano. Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi alipaswa kupeleka kazi ya mikono, na wasichana wote walikuwa wakisuka vikapu. Mimi nilisema nitatengeneza kamyo ya Papa. Mama aliuliza kama nimekosa matete ya kusukia. Papa hakuuliza kitu. Aliniletea mkasi wa kukatia bati na kuniambia nisijikate.

Ilinichukua karibu miezi miwili. Kabini nilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na karoseri ya kubebea mizigo nikaiunga kwa makopo ya sardini niliyoyapiga kwa jiwe mpaka yakanyooka. Magurudumu yalitoka kwenye ndala za zamani. Nilichonga meno ya matairi kwa msumari uliopashwa moto, na moshi wake ulinitoa machozi. Ekseli ilikuwa sipoku ya baiskeli. Lakini vitu hivyo mtoto yeyote wa Uvira aliweza. Mimi nilitaka vile visivyoonekana. Resori, yaani springi za chini, nilizikata kwenye ule ukanda wa bati unaofunga marobota ya nguo kuukuu, bamba tano kila upande, kila bamba fupi kuliko la juu yake, kwa sababu za kweli zilikuwa tano na nilikuwa nimezihesabu. Mrija wa freni nilitengeneza kwa waya wa umeme: unavuta shaba ya ndani polepole, linabaki ganda, na ganda lile likipindishwa linafanana kabisa na mrija wenyewe.

Nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, mrija wa kamyo ya kweli ulikuwa umepasuka. Papa alikuwa ameufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akauzungusha mara tatu na kukaza kwa waya. Bado ulitoa jasho la mafuta. Basi nami nikakata mpira wa baiskeli, upana wa punje ya mchele, nikauzungusha mara tatu kwenye mrija wangu, nikaukaza kwa uzi wa shaba. Kazi hiyo peke yake ilikula Jumamosi nzima, nikiwa nimeuma ulimi na kushika pumzi. Nilipomaliza nilicheka peke yangu. Sikufikiria hatari. Nilifikiria tu kwamba nimeweza.

Papa aliigeuza kamyo yangu juu chini akaangalia kwa muda mrefu. Alikuwa ameshamwomba Patro mrija mpya si mara moja, na jibu lilikuwa lilelile: iko ya provizwari, ya muda tu, ivumilie, kwanza mchele wa Luberizi utoke. Tena alijibiwa kwa kicheko, mbele ya madereva wengine, kwamba dereva mwoga atafute kazi ya kuchunga ng'ombe Mulenge. Papa hakuwa mtu wa kubishana. Alinirudishia kamyo yangu na kusema, "Huu mupira uuache hapa. Patro atakuya ku proklamasyo. Akiuona mbele ya watu, hataweza kucheka."

Proklamasyo ni siku ya kusoma matokeo. Wazazi wote wanakuja, majina yanasomwa kwa sauti, na aliyefaulu anamwagiwa puda shingoni na kichwani mpaka anafanana na mtu aliyetoka kwenye mashine ya unga. Kazi za mikono zinapangwa kwenye meza mbele. Patro alikuwa katika kamati ya wazazi, kiti chake kilikuwa karibu kabisa na meza ile. Nilielewa nilichotumwa. Nasema hivi kwa sababu watu wamejaribu kunifariji kwamba nilikuwa mdogo sikuelewa. Nilielewa.

Wiki moja kabla, Madamu, mwalimu wetu, alipita akiweka alama. Aliishika kamyo yangu kwa vidole viwili, akasifu resori, akasifu usukani uliokuwa unazunguka kweli na kupinda magurudumu. Kisha akaona mpira.

"Huu uchafu ni wa nini?"

Nikasema ni freni ya Papa.

"Kamyo haivai bandeji," akasema, na darasa zima likacheka. Akaniandikia kumi na nne juu ya ishirini. Aliniambia nikitoa ule uchafu atanipa kumi na nane.

Kwa kumi na nane ningekuwa wa kwanza. Nilichukua wembe wa kuchongea kalamu, nikakata uzi wa shaba, na mpira ukadondoka kwenye kiganja changu ukiwa bado umejikunja. Nikauweka ndani ya kisanduku cha kalamu. Dakika moja haikuisha.

Siku ya proklamasyo Patro aliinua kamyo juu ili wazazi wote waione. Akazungusha magurudumu, akaigeuza, akachungulia chini. "Ni kamyo yangu kabisa," akasema. "Hakuna kinachokosa." Watu wakapiga makofi. Papa alikuwa amesogea mbele kabisa, na nilimwona akinyoosha shingo kutazama lile tumbo la bati. Kisha akanitazama mimi. Hakukunja uso. Alikuja akanimwagia puda, akanisugulia shingoni kwa mikono ile yenye harufu ya freni, akasema, "Umeshinda, mama yangu."

Njiani aliniuliza kama niliutoa mwenyewe. Nikamwambia Madamu alisema ni uchafu. Kwenye kona ya kwetu akasema haidhuru, atamwambia Patro mwenyewe. Sijui kama alimwambia.

Wiki ya tatu ya likizo, akitelemka mlima wa Ngomo na saruji kutoka Bukavu, pedali ya freni ilizama. Mwenzake wa safari, mtu wa makamo aliyekuwa akikaa naye kabini, alitusimulia kwamba Papa alikanyaga mara mbili, akamwambia, "Ruka," na yeye akaruka. Papa alibaki na usukani, akijaribu kuiegemeza kamyo upande wa mlima. Mlima ulikuwa umeisha, lilibaki korongo tu.

Kwenye kilio Patro alikuja na magunia mawili ya mchele. Alisema Mungu ndiye amepanga. Baba yangu mdogo alikuwa ameiweka kamyo yangu mezani, kando ya picha ya Papa, na watu waliokuja kulia waliigusa, wakasema mtoto huyu ana macho. Nilitaka kuipiga chini. Nilikaa tu kwenye mkeka na puda ambayo nilidhani bado iko shingoni, nikijisugua mpaka Mama akanishika mikono.

Sasa nina binti wa miaka saba na mwingine mgongoni, na hasira yangu imekua kuliko mimi. Nina hasira na mtu aliyeona mrija unavuja akasema mchele kwanza. Nina hasira na shule iliyonipa alama nne kwa kuficha. Na Papa, nimsamehe vipi? Mtu mzima, mwenye mdomo wake, akamwachia mtoto wa darasa la tano amsemee. Halafu nikiwa nafua peke yangu nakumbuka nani alishika wembe, na hasira inakosa mahali pa kukaa. Barabara ya Bukavu bado ni ileile. Kabla ya kupanda gari lolote nainama kuangalia chini, na mtoto mgongoni, na abiria wananicheka. Wiki iliyopita dereva mmoja aliniuliza, "Mama, weye ni fundi?" Nilimwambia mimi ni mtoto wa dereva. Nilimwonyesha panapovuja, akaniambia iko ya provizwari. Sikupanda.

Kamyo yangu ninayo. Imeshika kutu, tairi moja limeliwa na panya. Mpira ule wa zamani ulikauka ukavunjika vipande, kwa hiyo juzi nilikata mwingine, upana uleule, nikajaribu kuufunga. Vidole vyangu vimekuwa vinene, vya kazi. Nilijaribu mpaka nikaanza kulia kwa hasira. Binti yangu akaichukua mikononi mwangu, akauma ulimi, akazungusha mara tatu, akakaza.

"Lakini Mama," akasema, "sasa inaonekana vibaya."

"Ionekane," nikamwambia.

Tuliiweka dirishani, upande wa barabara, magurudumu juu.