Yowe la Rozalia

Kama hujawahi kumsikia Rozalia akipiga yowe, hujui sauti ya binadamu inaweza kufika wapi. Nasema hivi mimi Felisita, niliyeigiza naye miaka mingi kwenye kikundi chetu cha Nyamahanga. Mimi siku zote nilipewa unesi, eti kwa sababu nina uso wa kufokea wagonjwa. Yeye alikuwa mama mfiwa. Tukiigiza Ukimwi, tukiigiza malaria, tukiigiza mimba za utotoni, lazima mtu afe, na aliyekufa lazima awe mtoto wa Rozalia. Tulimtania kwamba amezika watu wengi kuliko katekista.

Alizaliwa upande wa Ngara, kwenye familia ya Wahangaza ya wakulima na wasali, akaolewa huku Biharamulo na Pancras. Walilima mihogo na maharage, wakasomesha, wakaozesha, wakabaki wawili na mbuzi wao. Kiswahili alikipata shuleni, akakiacha hukohuko, mpaka paroko mmoja alipomsikia akiimba kwaya na kusema mama huyu apewe maneno ya kusema. Tangu hapo hakuna aliyemweza.

Pancras hakuigiza hata siku moja. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kizingiti cha jiko akipukuchua mahindi huku sisi tunafanya mazoezi uani. Lakini maneno yote aliyajua, ya kila mtu. Ukikosea, anakohoa. Na Rozalia akianza kulia mapema, anamwambia bila kuinua macho, "Mama Adventina, subiri kwanza. Mtoto hajakata roho." Tunacheka mpaka mazoezi yanaharibika. Niliwaonea wivu wale wawili, sifichi. Mume wangu mimi hata jina la kikundi alikuwa halijui.

Mwaka jana tukaalikwa kwenye tamasha la sanaa na fasihi kule Ngara mjini. Si mkutano wa kampeni wala siku ya chanjo, ambako unaigiza watu wakisubiri vyandarua. Tamasha lenyewe, la maigizo, mashairi, ngoma, vitabu na michoro, watu wanakuja kukutazama wewe. Rozalia aliposikia alikaa chini. Akasema, "Sasa tutasikilizwa na watu waliokuja kusikiliza."

Hapo ndipo yalipoanzia.

Kwetu yowe si kitu cha kuchezea. Likipigwa, unaacha jembe, unaacha chungu motoni, unakimbilia linakotoka, maana huenda ni moto, huenda ni wezi, huenda ni mtu anakufa. Asiyekwenda anaitwa mbele ya kitongoji na kutozwa mbuzi, na hata akishalipa, siku yake ikifika watu wanamsaidia kwa kununa. Miaka yote tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kigango, huko kila mtu anajua kuna nini. Safari hii upepo ulikuwa umeezua mabati, tukahamia uani kwa Rozalia.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Rozalia akafika kwenye kifo cha mtoto, akapiga yowe lake. Kabla hajamaliza, uani kumejaa watu. Wana mapanga, wana majembe, mmoja ana ndoo ya maji. Mzee Ildefonce, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, alifika akiwa na buti moja mguuni, anatweta.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mzee wangu. Tunaigiza," nikamjibu.

"Mnaigiza? Na mimi nimepanda mlima wote huu bule?"

Tulicheka wee. Pancras alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye makapi ya mahindi. Lakini mwenyekiti wetu wa kitongoji, Shibuda, hakucheka. Alisema hatuwezi kukimbiza watu kila jioni, na wala hatuwezi kuwazuia wasanii, kwa hiyo atatoa tangazo. Akalitoa kweli, kigangoni baada ya ibada na msikitini baada ya sala: tangu leo mpaka siku ya tamasha, yowe la jioni kutoka kwa Mzee Pancras ni la maigizo, mtu asijisumbue. Sote tuliona ni busara, na mpaka leo nikilitafuta kosa la Shibuda silipati. Ndiyo maana hasira yangu haina pa kwenda.

Watu wakazoea. Jioni ikifika, wanatoa vigoda nje, wanasikiliza. Asubuhi ukikutana nao kisimani wanakupa maoni, huyu jana alipatia, yule alizembea. Danstan, fundi baiskeli, jirani wa karibu kabisa wa Rozalia, ndiye aliyetupenda kuliko wote. Shamba moja tu la migomba ndilo lililotenganisha nyumba yake na ya Rozalia.

Ikaja Jumapili ambayo hatukuwa na mazoezi. Sisi wanakikundi karibu wote tulikuwa tumekwenda Lusahunga kwenye kipaimara. Rozalia alibaki kwa sababu Pancras aliamka na kichwa kizito. Jioni ile Pancras akatoka kwenda kumfungua mbuzi nyuma ya nyumba, akaanguka. Rozalia alimkuta amelala kifudifudi, anakoroma, mdomo umeenda upande. Akajaribu kumwinua, hakumweza. Simu yao ilikuwa dukani inachajiwa. Akafanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya. Akapiga yowe.

Alipiga tena na tena. Aliniambia baadaye kwamba kila alipopumzika alitega sikio asikie miguu ikija kwenye majani, kama ilivyokuja siku ile ya kwanza. Hakusikia mguu. Akapiga mpaka sauti ikakatika, ikawa inatoka hewa tu. Ndipo akamwacha mumewe chini akakimbia kupitia migombani hadi kwa Danstan, akamkuta amekaa nje ya nyumba. Hakuweza kusema, alimvuta shati tu. Danstan akaruka, akakimbia mbele yake, wakafika. Pancras alikuwa amenyamaza.

Daktari wa zahanati alisema huenda angekufa hata kama angewahishwa. Huenda. Neno hilo halimsaidii mfiwa hata kidogo, wangelifuta kwenye masomo yao.

Msibani watu walijaa, nisiwasingizie. Kitongoji kizima kilikesha, kikapika, kikachota maji. Danstan alichimba kaburi na hakukubali kupokewa jembe, mpaka viganja vikachubuka. Lakini Rozalia, sauti ikiwa bado ya mkwaruzo, alikuwa na swali moja, na aliliuliza kwa kila aliyekuja kumpa mkono.

"Mlinisikia?"

Mmoja akasema alikuwa kisimani. Mwingine akasema upepo ulikuwa unavuma kwenda upande wa pili. Mzee Ildefonce akasema masikio yake siku hizi si yale. Danstan akasema alikuwa amelala hapo nje kwenye kiti, usingizi mzito, ndiyo kwanza alikuwa ameamka. Kila mtu alikuwa na lake, na kila mtu alitazama chini akilitoa. Mimi niliwasikiliza nikatamani kuwazaba vibao wazee na vijana. Yowe lililomtoa Ildefonce ng'ambo ya bonde na buti moja, leo lisifike migombani?

Baada ya matanga, Shibuda aliita mkutano. Aliuliza kwa mujibu wa desturi ni nani aliyesikia yowe asiende. Kimya. Na kama hakuna aliyesikia, hakuna wa kutozwa mbuzi. Watu wakaanza kuinuka. Rozalia akasimama katikati yao na kanga yake nyeusi.

"Mwenyekiti, mimi mbuzi ninao," alisema. "Namtaka mtu mmoja tu aniambie alisikia, akadhani ni maigizo. Sitamlaumu. Tangazo tulilitaka sisi."

Watu wakaendelea kutoka, macho chini. Nilimfuata hadi nyumbani. Nikamwambia, "Mama Adventina, achana nao. Unajua walisikia, wanaona aibu tu."

"Sijui, Felisita. Wewe ndiye unayejua." Alikaa pale kwenye kizingiti. "Kama hawakusikia, basi mimi sikulia vya kutosha. Nimelilia watoto wa uongo maisha yangu yote, watu wanakuja mbio. Siku ya mume wangu sauti haikufika hata kwa Danstan. Nitazikwa na jambo hilo."

Nililia mimi. Yeye hakulia. Wiki zile zote sikumwona akilia, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Tulikubaliana tusiende Ngara. Ni nani angekuwa na uso wa kumwambia mjane aende kuigiza mfiwa? Adventina, binti yake, alikuja kutoka kwa mumewe akasema mama yake hatoki nyumbani, watu watamsema. Rozalia akatusikiliza wote, kisha akasema anakwenda, na ambaye hataki abaki. Akamwambia binti yake, "Nataka nikaijue sauti yangu kama bado ipo." Mazoezi tulifanya bila yowe. Likifika, anasema tu kwa sauti ya kawaida, "Hapa nalia," tunaendelea.

Tukaenda kwa Fuso, sisi na majirani waliotaka kututazama, Danstan akiwa wa kwanza kupanda. Ngara mjini kulikuwa na ukungu na baridi ya kilimani. Uwanjani walikuwa wamefunga mahema. Kulikuwa na meza ya vitabu vya mashairi ambavyo watu walivifungua na kuvirudisha, kijana mmoja akichora sura za wapita njia kwa mkaa, wanafunzi wakighani kwa pumzi moja wasije wakasahau. Mgeni rasmi alichelewa, kisha akahutubia kama mtu anayefidia muda aliochelewa. Ngoma za asili zilipopigwa watu wakachangamka. Mimi sikuweza kuchangamka. Nilikuwa nimevaa sare yangu ya unesi, namtazama Rozalia aliyekaa kwenye benchi na mikono mapajani, akitazama majani.

Tukaitwa. Tukaanza vizuri tu, wakacheka pale pa kucheka. Ukafika wakati wa mtoto kukata roho. Kazi yangu ni kumfunika shuka na kutikisa kichwa. Nilifunika. Rozalia akatazama shuka lile. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani amesahau, nikataka kumnong'oneza. Hakukuwa na wa kukohoa.

Kisha akapiga.

Sitaki kulieleza lile yowe. Ninalojua ni kwamba bodaboda waliokuwa stendi waliacha pikipiki zao wakaja, na mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alifika jukwaani kabisa, mikono mbele, akitaka kumpokea. Mpiga picha alishusha kamera. Alipomaliza, uwanja mzima wakasimama wakapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Rozalia aliinama kama tulivyofundishwa, akashuka jukwaani.

Nilimpeleka nyuma ya hema nikamvika sweta. Nilidhani atakuwa amepata nafuu. Aliniuliza tu, "Wa Nyamahanga walikuwa wamekaa wapi?" Nikamwambia walikuwa mbele kabisa. Akatikisa kichwa. "Basi hao walikuwa karibu."

Danstan akaja na chupa ya soda aliyomnunulia. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na furaha, nisimwonee, furaha ya mtu ambaye kikundi chake kimewashangaza wenye mji.

"Shikamoo, Mama Adventina."

"Marahaba, Danstan."

"Leo umewaweza. Umeona walivyosimama?" Akamkabidhi soda, akatafuta neno jingine la kumsifu, akalipata. "Lakini mimi nisikufiche, mama yangu. Hili la leo ni kubwa, ila halijafikia lile la Jumapili ile. Lile nilimwita mama watoto atoke jikoni aje asikie. Nikamwambia, leo Mama Adventina amepat..."

Hapo akajisikia. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akakosa. Nilitaka kumtukana, maneno yakanijia mengi kwa pamoja, lakini Rozalia alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, hakutaka niseme.

"Lilifika mpaka jikoni kwako?" akamuuliza, taratibu.

"Nisamehe, mama."

"Sikuulizi hilo. Lilifika?"

"Lilifika."

Akasogea karibu naye, soda haijafunguliwa mkononi, machozi yakianza kumtoka bila sauti.

"Na kwa Mzee Ildefonce, ng'ambo kule?"

Danstan akainamisha kichwa.

"Lilifika kote, mama," akasema. "Hakuna nyumba ambayo halikufika."