Boneti Ilikuwa ya Moto

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani fundi huyu aliitwa Sikio, na jina alilipenda kuliko alivyokubali. Kwa miaka thelathini, hakuna mtu mwenye akili zake aliyenunua gari lililotumika bila kwenda naye yadi. Alikuwa na bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, kisha akasema neno moja: "Nunua," au "Acha." Ukitaka maelezo, alikwambia ukasome gazeti.

Gazeti alilisoma yeye pia, ukurasa wa magari mapya, kila wiki, akiguna. Hakuna gari jipya baya, alisema, kama vile hakuna bibi harusi mbaya siku ya harusi. Njoo uniulize baada ya miaka kumi.

Kabla ya bisibisi kulikuwa na sheria moja. Alifika yadi bila taarifa, akaweka kiganja juu ya boneti. Akikuta ni ya moto, aligeuka akaenda zake. Injini mbovu hulalamika ikiwa baridi. Ukiipasha kabla mnunuzi hajafika na kuitilia oili nzito, hujifanya mwanamwali. Madalali walimwogopa kama ukoma.

Halafu sikio likaanza kufa. Siku moja aliona saa yake ya ukutani inatembea bila mlio, akaibeba hadi kwa fundi saa. Fundi saa akaigeuza, akaisikiliza, akamrudishia. "Mbona nzima, kaka? Inapiga kama nyundo."

Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua tangu utotoni, lakini mtu aitwaye Sikio aanzie wapi? Alijidanganya kwa gazeti lile lile alilokuwa akilibeza: viwanda vimeendelea, siku hizi wanatengeneza injini tulivu. "Nunua" zikawa nyingi. Madalali wakaanza kumpa kiti na soda baridi, na mtu mzima akipewa kiti na waliokuwa wakimkimbia, lazima ajiulize. Alijiuliza, akaogopa, akarukia upande wa pili. Alimkataza mwalimu mmoja gari ambalo jirani alilinunua siku hiyo hiyo, na linadunda mpaka leo. Mwalimu akasema hadharani kwamba Sikio amezeeka. Neno hilo fundi alilisoma midomoni mwa watu mtaa mzima.

Wiki hiyo ndipo dada yake alipokuja. Huyu ndiye dada aliyemlea baada ya mama yao kufariki, mshonaji wa sare za shule, aliyetembea na mizigo kichwani tangu ujana na sasa magoti yalikuwa yamegoma. Alikuwa ameona gari dogo la kubebea mizigo, na akiba yake yote ya cherehani ilikuwa tayari.

"Mimi sijui gari, mdogo wangu," alisema. "Ukisema nunua nanunua, ukisema acha naacha."

Walifika yadi asubuhi. Dalali alikuwa anacheka kabla hawajasalimiana. Sikio akaweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa ya moto.

Kiganja chake hakikuwa kiziwi. Angeweza kusema turudi kesho, kama alivyosema mara mia. Lakini kesho angeweka bisibisi sikioni na kusikia kimya kile kile, na pembeni walikuwa wamesimama watu, mwalimu akiwa mmoja wao, wamekunja mikono wanamtazama. Akaondoa kiganja. Akaweka bisibisi, akafumba macho muda mrefu kuliko kawaida, akasikia damu yake mwenyewe.

"Nunua," alisema.

Dalali akapiga makofi. Dada alilitazama gari kidogo, kama mtu aliyetaka kuuliza kitu, kisha akafungua mkoba.

Haikufika wiki ya nne. Sikio alikuwa ameinama gerejini anafunga tairi, akaona muuza vocha wa upande wa pili amegeuza shingo. Kisha kinyozi naye akageuka. Mtaa mzima uligeuka kutazama kitu kinachokuja, na yeye ndiye aliyegeuka wa mwisho. Gari la dada liliingia linatikisika. Dereva aliyekodiwa akaliacha linanguruma, akashuka, akamkabidhi dada funguo za mlango wa nyuma na kusema kitu. Kisha akaondoka bila kungoja malipo ya siku.

Dada akaja akasimama mbele ya mdogo wake. Midomo ilicheza. Sikio akatikisa kichwa kama anayeafiki.

"Nimekuuliza swali," dada alisema, safari hii kwa kupaza sauti. "Unatikisa kichwa nini?"

Hapo Sikio akachoka kujifanya. Akafungua boneti, akampa dada bisibisi. "Weka hapa. Mpini sikioni. Niambie unasikia nini."

Dada akaweka. Hakuhitaji kufumba macho. "Linagonga. Kama mtu aliyefungiwa ndani." Akaishusha bisibisi, akamkazia macho usoni, akayaona yote. "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Siku ile yadi nililisikia," dada alisema, akitamka neno moja moja ili lifike. "Kwa mbali, lakini nililisikia. Miaka arobaini nakaa na mashine, sindano ikitaka kukatika najua. Nikajiambia, nyamaza wewe mama, masikio yako ni ya cherehani, mwenye sikio yupo."

Sikio alitaka kumwambia habari za boneti. Badala yake akapangusa kiganja kwenye suruali. Uziwi dada angeweza kuusamehe siku moja, kiganja, hapana.

Dada akazima gari mwenyewe. Akafungua mlango wa nyuma, akavuta furushi la sare zilizokuwa zikisubiriwa shuleni, akajitwika, akashika goti moja mpaka akanyooka. Kisha akatoka barabarani, mdogo mdogo. Kama aliaga, aliaga akiwa amempa mgongo, na Sikio hakusikia.