Maji ya Udhu ya Karani

Karani wa Mudiri, mtawala wa wilaya, alikuwa na mikono laini kama ya bi harusi, na kabla ya kushika kalamu hukunja mikono ya kanzu yake taratibu, isije ikaingia wino. Jawabu lake kwa kila aliyemletea malalamiko lilikuwa moja: "Tutatazama, bibi yangu, inshallah." Bi Siti wa kijiji cha mtoni alilichoka, maana tangu tajiri mmoja aanze kuroweka makumbi ya nazi ya kusokotea kamba mtoni, juu ya wanapochota maji, watoto wanaharisha. Siku moja karani akapita kijijini, adhuhuri ikaadhiniwa yumo barazani kwa Bi Siti. Karani akakunja mikono ya kanzu atie udhu, Bi Siti akammiminia maji ya mtungi wake. Akasukutua, akapandisha puani, akaruka!

"Maji gani haya? Yananuka! Hayafai udhu!"

"Ndiyo tunayokunywa, mwanangu."

Karani akainuka, maji yanamchuruzika ndevuni. Mara huyo mtoni, mbio, miguu mitupu, wanawake nyuma yake kwa vigelegele! Akaingia topeni hadi magotini, akayang'oa makumbi yale meusi.

"Bi Siti, pokea!"

Bi Siti akapokea, anacheka, analia. Mikono ya kanzu ilikwisha kunjuka, inaburura topeni, na karani hakuikunja tena.