Chungu cha Mama Mbele ya Mgeni Rasmi

Najua mtacheka, na mimi mwenyewe kuna mahali nitacheka nanyi, lakini nawaambia mapema kwamba hii ni aibu yangu na sikuthubutu kuisimulia mama akiwa hai.

Ilikuwa wakati ule wa ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Kyela yamejaa ndoo za plastiki za kila rangi, na mama yangu, aliyefinyanga vyungu tangu hajaolewa, anavipeleka kwa mtumbwi sokoni Lyulilo na jioni anarudi navyo. Basi wilaya yetu ikaamua kusherehekea siku wilaya ilipoanzishwa, kuwe na ngoma, vyakula vya asili na vyombo vya asili, na mimi (kwa kuwa nilikuwa na suti na mdomo) nikafanywa katibu wa kamati na mshika maikrofoni. Tukaambiwa mgeni rasmi atachagua mfinyanzi mmoja wa kupeleka kazi zake kwenye maonyesho makubwa, ambako wenye mahoteli huja kununua. Nilitaka awe mama. Alishaanza kusema ataacha ufinyanzi, na sikujua angeishije bila kazi ile.

Siku mbili kabla ya sherehe nikaenda nyumbani kuchukua chungu, nikamkuta mama anatoka kwenda msibani. Akaniambia, "Nisubiri nirudi kesho, nitakuchagulia mwenyewe." Nikaitikia. Lakini lori la kurudi mjini lilikuwa linaondoka mchana uleule, nikaona ya nini kulala, nikaingia kibandani nikabeba kilichokuwa kikubwa na chekundu kuliko vyote, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, nikakifunga kwa majani makavu ya migomba, huyo nikaondoka. Sasa sikilizeni: kwetu hata mtoto wa miaka sita hachukui chungu bila kukigonga kwa kidole, kwa sababu kilichochomwa kinalia na kibichi hakilii. Mimi sikugonga. (Nilikuwa nimevaa viatu vipya, nadhani akili yote ilishukia huko.)

Siku yenyewe uwanja ulifurika. Chungu kikawekwa kwenye meza fupi yenye kitambaa cheupe, mbele kabisa ya magoti ya mgeni rasmi, tukatia kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, tukamiminia maji ya moto kama ilivyo desturi, tukamkabidhi mrija, nami nikaanza kumsifia mama, mikono yake, vyungu vyake visivyovuja miaka nenda rudi, nikaongea weee. Mzee Salimu, mwenye duka la ndoo ambaye ndiye aliyetuazima spika, akanisogelea akaninong'oneza, "Bwana katibu, chungu chako chatoka jasho jekundu. Hebu kitazame."

Na mimi, kwa ulevi wa kusikilizwa, nikamjibu kwenye maikrofoni, "Mzee Salimu anaogopa ndoo zake zitamdodea!" Uwanja mzima ukacheka. Yule mzee akarudi kukaa.

Ndipo nikamwona mama anapenya katikati ya watu, bado amevaa khanga za msibani, mikono juu, anapiga kelele. Nikadhani ni furaha. "Huyo hapo mwenyewe!" nikasema. "Mpigieni makofi!" Wakapiga, na vigelegele juu, sauti yake ikafunikwa kabisa, nikabaki nasoma midomo tu.

"Hakijachomwa! Hakijachomwa!"

Nilipogeuka, kitako cha chungu kilikuwa kimeshaachia. Ulezi, maji ya moto na tope jekundu, vyote mapajani mwa mgeni rasmi. Aliruka akapiga ukelele ambao sote tuliusikia kwenye spika. Walipomfuta na kumkalisha, akauliza, "Nani ametengeneza takataka hii?"

Ningesema kwamba nilikibeba mwenyewe bila ruhusa. Lilikuwa neno moja tu. Badala yake nikasikia sauti yangu inatoka kwenye spika zote mbili: "Mama, kwa nini hukukichoma?"

Mama alinitazama, akaitazama ile meza, kisha akamgeukia mgeni rasmi, akapiga magoti.

"Nilisahau, baba. Ni uzee. Nisamehe."

Alichaguliwa mfinyanzi mwingine. Na pale Lyulilo watu wakawa wanavigonga vyungu vya mama mara mbili mbili, vinalia vizuri tu, wanacheka, wanaviacha. Kabla mwaka haujaisha aliacha kufinyanga. Nilipokwenda kumwomba radhi, nikalia hasa, alinijibu, "Ndaga, asante mwanangu, yamekwisha," akanipakulia chakula. Mimi maikrofoni sijaishika tena, hata kwenye harusi ya binti yangu walinibembeleza nikakataa.

Yamekwisha, alisema. Lakini mpaka anakufa, kila nilipomwomba maji ya kunywa alikwenda kwenye mtungi wake wa zamani, akaugonga kwa kidole, akasubiri ulie, akanitazama, ndipo akanichotea.