Kikundi cha Bei Moja

Mama yangu alitoa kinu nje Jumatatu asubuhi, akakisimamisha barazani kwake, hatua kama hamsini kutoka kwenye mashine yangu ya kukoboa mpunga, akaanza kutwanga. Du, du, du. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, tena mwenye binti mwenye mashine ya umeme! Na alijigeuza makusudi anielekee mimi, ili nisije nikasema sikumwona.

Nilitoka mbio, pumba zimejaa kichwani.

"Mama, unaniaibisha."

"Nimekuaibisha nini? Natwanga mpunga wangu."

"Na mashine si ipo?"

"Bei yenu siiwezi, mwanangu."

Nikamwambia alete gunia nimkoboe bure, mimi si mtoto wake? Akasimamisha mchi, akaniangalia kama vile nimemtukana. Akasema majirani zake wote wanalipa bei hiyo hiyo, yeye ataanzaje kula wali wa bure huku wenzake wanatwanga? Maana walikuwa wameshaanza kutwanga. Nyumba tatu nyuma ya kwake nilisikia mchi mwingine unamwitikia. Nilirudi kwenye mashine nimefura, na hasira zote nikazimalizia kwa mteja wa watu aliyekuja na debe moja.

Sasa nieleze hiyo bei ilitoka wapi. Kijiji chetu kiko kwenye mashamba ya mpunga, mwendo wa bodaboda kutoka Ubaruku, na mashine za kukoboa zilikuwa tatu. Moja yangu. Ya pili ya mzee wa kanisa, Mhehe aliyehamia kutoka Iringa, mtu wa suti hata kwenye tope. Ya tatu ya Alhaji, ambaye babu yake alitoka pwani na yeye hajawahi kuiona bahari. Kwa miaka tulikuwa tunawindana. Alhaji akishusha bei, na mzee anashusha, na mimi nashusha huku nalia. Siku mota yangu ilipoungua, mzee wa kanisa akaja kunipa pole na wazo: kwa nini tuumizane, ndugu zangu? Tuweke bei moja, ya juu kidogo, tuishi kwa amani.

Jamani, lilionekana jambo la Kikristo kabisa! Alhaji naye akasema hata kwao ugomvi haupendezi.

Watu wa mji mkubwa, nasikia, mambo kama haya huyafanya kwa kunong'ona. Sisi huku watu watatu wakikubaliana jambo, lazima wawe kikundi, na kikundi lazima kiwe na katiba, mwenyekiti, katibu na mhazini. Kwa vile tulikuwa watatu, kila mtu alipata cheo. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri. Nikaandika muhtasari: kufungua kikao kwa sala na dua, bei moja kwa mashine zote, pumba zibaki kwa mwenye mashine, atakayeshusha bei atatozwa kreti ya soda, mengineyo, kufunga kikao. Tukaupeleka ofisi ya kata, mtendaji akagonga muhuri bila kusoma, akatupongeza kwa umoja.

Umoja gani? Wiki ya pili tu mzee wa kanisa alikutwa anawarudishia wanakwaya pumba zao kupitia mlango wa nyuma. Kreti ya soda. Alhaji akaanza kuwapa wateja wake chai ya maziwa na kashata, akadai ule ni ukarimu, si bei. Kreti ya soda. Na mimi, basi niseme ukweli, mawifi zangu nilikuwa nawaandikia magunia matatu kwa bei ya mawili. Kreti mbili, kwa sababu mimi ni katibu. Vikao vyetu havikuwahi kukosa soda.

Ila bei ilibaki juu, na mama alibaki barazani. Kufika Alhamisi hakuweza kuinua mkono kujifunga kilemba. Nilimfunga mimi, bega limevimba, viganja vimechubuka, na bado ananiuliza kama nimekula. Niliumia, siwezi kudanganya. Lakini nilijiambia ni ukaidi wa kabila letu la Wasangu tu, utapita.

Ndipo mtendaji akatangaza semina. Kijana mmoja mpole alikuwa ametumwa na serikali kufundisha sheria ya ushindani wa biashara. Mtendaji akaniomba kikundi chetu kisome taarifa, maana ndicho kikundi pekee kata nzima chenye mihtasari iliyokamilika. Weee! Nilivaa kitenge kipya. Nikasimama mbele ya watu, nikasoma yote, kuanzia sala hadi kreti za soda, na sehemu ya bei moja nikairudia kwa sauti wasikie hata wa nyuma.

Yule kijana aliacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama, naomba kuiona hiyo karatasi." Akaitazama huku na huku. "Na muhuri mmegonga?"

"Ndiyo, mwanangu. Nakala zipo tatu."

"Karatasi kama hii wenzangu wanaitafuta mwaka mzima hawaipati," akasema taratibu. Mimi nikajua nasifiwa, nikatabasamu.

Tabasamu halikudumu. Alituambia kwamba tulichofanya kinakatazwa na sheria, tena faini yake si ya soda. Mzee wa kanisa akasimama, akafunga vifungo vya suti. "Lakini hatukumwibia mtu! Tulitaka amani tu."

"Amani yenu nyie watatu," yule kijana akamjibu kwa adabu. "Sheria hii, mzee wangu, haikuwekwa imlinde Alhaji dhidi yako, wala wewe dhidi ya mama huyu. Imewekwa kwa ajili ya mwenye gunia kichwani. Nyie mkigombana, yeye ana pa kwenda. Mkipatana, hana. Hebu niambieni, mlipopandisha bei, watu walikimbilia wapi?"

Kabla mtu hajajibu, kupitia dirishani, ikaingia: du... du... du. Polepole, mkono mmoja. Watu wote wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulionywa, tukaamriwa tuvunje kikundi siku hiyo hiyo. Tukavunja vizuri sana: kwa kikao, kwa sala, kwa muhtasari, na mzee wa kanisa akapendekeza wote watatu tushushe bei, tena kwa kiasi kimoja, ili asionewe mtu. Tukapiga makofi. Yule kijana, ambaye alikuwa anasubiri bodaboda, akaja mbio.

"Hapana! Kila mtu ajipangie yake!"

"Sasa tutajuaje bila kuambiana?" Alhaji akauliza, na aliuliza kwa dhati kabisa.

Kesho yake nilishusha bei yangu peke yangu, roho juu, nikaiandika kwa chaki mlangoni. Saa tatu nikamwona mama anatoka, kijukuu cha jirani kimembebea gunia kwa baiskeli. Nikafagia mbele ya mashine, nikapanga tabasamu. Akapita. Akapita kabisa, akanipungia kwa mkono mzima, akaelekea kwa Alhaji!

Nilimfuata mbio. "Mama! Bei yangu ni ya chini kuliko yake!"

"Nimeiona. Lakini mchele wako siku hizi una chenga nyingi, punje zinatoka nusunusu. Roli za mashine, zile za kumenya ganda, umebadilisha lini?"

Jibu nilikuwa nalo. Tangu tuanzishe kikundi sikubadilisha chochote. Ningebadilisha ya nini, wakati wateja hawakuwa na pa kwenda?

"Binti ninaye mmoja," mama akasema, "lakini mashine zipo tatu."

Nililia kwa hasira hadi jioni. Alfajiri nikapanda gari kwenda Mbeya, nikanunua roli mpya.

Aliponiletea gunia lake wiki iliyofuata, alichota mchele wa kwanza kwenye kiganja kilichokuwa bado na kovu, akaupuliza pumba, akatafuna punje mbili. Akatikisa kichwa kukubali, akalipa kama mteja yeyote. Nikamsindikiza hadi nyumbani. Kinu bado kilikuwa barazani, mchi ndani yake.

"Mama, hiki sasa nikuingizie ndani. Mvua zitakiozesha."

"Kiache hapo hapo," akasema. "Hapo unakiona vizuri."