Mtoto Aliyelala Nyikani

Kwetu milimani watu walishuka nyikani asubuhi na kupanda kabla jua halijazama. Bibi yangu, mama yake baba, alilima mahindi kule chini tangu alipoolewa, na hakulala huko hata usiku mmoja. Ukimuuliza sababu alisema nyika ina homa, basi, akaendelea kumenya ndizi zake. Hakukanyaga darasa lolote, lakini kati ya watoto wake tisa alizika mmoja tu, na huyo aliangukiwa na mti.

Vilipokuja vijiji vya ujamaa tulipewa shamba la kijiji. Lilikuwa kule chini upande wa Mombo, ambako sisi watoto tulizoea kutazama malori barabarani tukiwa juu migombani. Kushuka ni mwendo wa saa tatu, kupanda ni zaidi, na kikao cha kijiji kikaona kwamba watu wanamaliza nguvu njiani. Ikaamuliwa kila kundi lipige kambi huko juma zima wakati wa palizi.

Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na kwenye kikao alikuwepo. Wenye watoto wadogo waliruhusiwa kuomba udhuru. Mama alikuwa na mdogo wangu, mwenye mwaka mmoja na miezi michache, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea kwa kushika kingo za kitanda. Lakini mke wa balozi akiomba udhuru, nani mwingine atashuka? Mama hakuomba. Bibi alisimama mlangoni akamwambia kwa Kishambaa maneno makali ambayo sitayaandika hapa, kisha yeye mwenyewe akamfunga mtoto vizuri mgongoni mwa mama.

Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu ya shule. Nilikuwa darasa la saba, na siku za Jumamosi nilikwenda kanisani kwenye mafundisho ya kipaimara. Jumamosi ya juma hilo kundi la mama lilirudi likiimba, na mtoto alikuwa amenenepa mashavu kwa uji wa kambini. Siku ya kumi na mbili tangu warudi, mtoto akaanza kuchemka mwili. Baba alimbeba mbio hadi zahanati, mtoto akachomwa sindano, na jioni baba akarudi naye amemfunika kwa koti, hata uso.

Kaburini mwinjilisti alisema Mungu alimpenda mtoto huyu kuliko sisi tulivyompenda. Niliwaka. Kuliko mama, ambaye maziwa yalikuwa yanamvuja kwenye kanga pale pale tunapomfukia mtoto? Kama kupenda ndiko huko, nilisema moyoni, basi mimi asinipende. Jirani yetu, mama mmoja wa Kiislamu, hakusema lolote juu ya Mungu. Alikuja kesho yake na jembe, akapalilia maharage yetu mpaka mwisho wa shamba, akaenda zake. Huyo nilimwelewa.

Lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Mama aliacha kwenda Meza ya Bwana. Kanisani alikuja, aliimba, lakini wenzake walipoinuka kwenda madhabahuni yeye alikaa akitazama miguu yake. Siku moja tukichambua maharage uani nilimuuliza kwa nini.

"Mungu ameniadhibu," alisema. "Mama mkwe alinionya, nikajifanya shujaa mbele za watu. Sasa nitamwendea na uso gani?"

Alisema hivyo huku anatupa maharage mabovu pembeni, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Nilikuwa tayari kumvumilia Mungu mambo mengi, lakini hilo hapana. Mama alikuwa anakonda. Bibi, ambaye ndiye aliyeonya, alimsihi ale na hakumlaumu hata mara moja. Nikajiuliza inakuwaje mwanamke mzee asiyejua kusoma awe na huruma kuliko Muumba wa mbingu.

Siku ya mtihani wa kipaimara ikafika. Kwetu ulifanywa mbele ya usharika mzima, Jumamosi kabla ya kubarikiwa, na gauni langu jeupe lilikuwa tayari limetundikwa ukutani nyumbani. Mama alilishona kwa cherehani ya kuazima. Mchungaji, mzee mpole aliyekuwa amemfundisha hata baba, aliuliza kila mtoto swali moja. Langu lilikuwa: Mkristo akifiwa, amwambie Mungu nini? Jibu nililijua kwa moyo. Anyenyekee na kushukuru.

"Mchungaji, mimi sitashukuru," nilisema. "Waliosema watu walale nyikani walikaa kikao, nawajua, na Mungu hakuwa mjumbe. Lakini mbu ni wake, mtoto alikuwa wake, na aliona. Kama alimuua mtoto ili amwadhibu mama, si mwema, na siwezi kuahidi kumtumikia. Kama ni mwema, hakumwadhibu, na mama asiambiwe hivyo na mtu yeyote."

Baba aliinamisha kichwa. Mchungaji aliniuliza taratibu kama basi Mungu ni mwema au si mwema.

"Sijui. Namngoja anijibu."

Akasema kwamba kama ni hivyo, na mimi ningoje mwaka mmoja. Hakukasirika, na sikulia. Njiani baba alitangulia hatua nyingi mbele bila kugeuka.

Tangu hapo nimeelezwa mengi na watu wenye elimu. Kwamba mateso yanatufundisha. Mtoto wa mwaka mmoja afundishwe nini, na amalize masomo hayo wapi? Kwamba tutaelewa huko mbele. Huenda. Lakini sitakubali kuambiwa nishukuru leo kwa maelezo ambayo sijapewa. Kanisani bado nakwenda, na ugomvi wangu naingia nao mlangoni, maana sioni mahali pengine pa kuupeleka.

Jumapili ile, kesho yake baada ya mtihani, wenzangu walibarikiwa wote wakiwa wamevaa nyeupe. Mimi nilikaa benchi la tatu na sare ya shule, mama pembeni yangu, na watu wakitutupia macho. Ilipofika zamu ya Meza ya Bwana, mama akafunga kanga yake vizuri akainuka. Nilidhani anatoka nje. Akapita mbele ya mwinjilisti bila kumtazama, akapiga magoti, akapokea. Alibaki pale muda mrefu kuliko wengine, midomo ikicheza, mpaka mchungaji akasimama kumsubiri.

Aliporudi nilimuuliza kwa sauti ya chini alikuwa anaomba nini.

"Sikuomba," alisema. "Nimemwambia sikukosa."